Kula Njiani: Kutoka Nyakanazi hadi Vilima vya Kirushya

Muulize dereva wa semi aendaye Kigali ni wapi pa kula ukishaipita Kahama. Hatakutajia hoteli. Atakutajia vituo: Nyakanazi, Lusahunga, Nyakahura, Benaco. Ukimbana zaidi atakwambia, "Pale malori yanapolala," na kwake hayo ni maelekezo kamili. Katika wilaya za Biharamulo na Ngara, kwenye pembe ya Mkoa wa Kagera inayopakana na Rwanda na Burundi, migahawa mizuri haina mabango makubwa. Imeota kando ya barabara mahali ambapo watu walilazimika kusimama: njiapanda, mpakani, palipokuwa na kambi ya wakimbizi. Ukijua kwa nini watu walisimama pale, umeshajua nusu ya utakachokula.

Naandika kwa ajili ya msafiri anayepita huku na basi, au na gari lake, akiamini kwamba hakuna chakula ila chipsi mayai na soda. Imani hiyo imeenea mno, na inaanza kuwa kweli kwa sababu yetu sisi wasafiri. Mama lishe hupika kinachoulizwa. Kila abiria anayeshuka akiuliza chipsi anamsukuma mama huyo kuacha ndizi, na ndizi za huku, kwa maoni yangu, ni chakula bora kuliko chochote utakachouziwa njiani tangu Morogoro.

Tuanzie Nyakanazi. Hapa, ndani ya Wilaya ya Biharamulo, barabara kuu itokayo Dar es Salaam kupitia Dodoma, Singida, Nzega na Kahama inakutana na ile ya Kigoma inayopita Kasulu, Kibondo na Kakonko. Kwa miaka mingi upande wa Kigoma ulikuwa vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika. Siku hizi sehemu kubwa ni lami, na lami hiyo inaonekana mezani. Migebuka na dagaa wa Ziwa Tanganyika wanapanda kutoka kusini pamoja na madumu ya mawese. Sato na sangara wa Ziwa Victoria wanaletwa kutoka upande wa Chato. Unaweza kuketi kwenye benchi moja, jirani yako anachambua mgebuka uliorostiwa kwa mawese, wewe una sato wa kukaanga mwenye ndimu na pilipili, na sahani zote mbili zimetoka jikoni kwa mtu mmoja.

Lakini mimi naenda pale kwa ajili ya ndizi na maharage. Nimekaa nyuma ya kibanda cha mama mmoja nikamtazama akipika, na kazi yake inastahili kuelezwa. Maharage yanainjikwa alfajiri kabla ya basi la kwanza, yachemke mpaka yaanze kupasuka. Wakati huo anamenya ndizi mbichi kwa kisu kifupi, vidole amevipaka mafuta ili utomvu usimgande, na kila ndizi iliyomenywa inaingia kwenye beseni la maji isije ikawa nyeusi. Kisha anazipanga ndizi juu ya maharage, nzima nzima, anaweka kitunguu, nyanya na chumvi, anamimina mawese kidogo, na sufuria nzima anaifunika kwa jani la mgomba kabla ya kuweka mfuniko. Moto unapunguzwa. Hakorogi. Nilimuuliza kwa nini, akanijibu huku akicheka, "Ukikoroga, baba, utawalisha watu uji." Ndizi zinaiva kwa mvuke na kwa mchuzi wa maharage, na zikipakuliwa zinakuwa laini bila kuvunjika, rangi yake imekuwa ya dhahabu kwa yale mawese. Hapo unaongezewa parachichi, na kipande cha nyama kama unacho cha ziada mfukoni.

Chakula hicho hakipikwi kwa dakika kumi, na hapo ndipo chipsi zinapokishinda. Basi likisimama, kondakta anapiga kelele kwamba ni dakika chache tu, abiria anakimbilia kilicho tayari kwenye karai. Dawa ni rahisi. Mpite mwenye karai, uliza kilichoko kwenye sufuria. Mama aliyeamka na maharage yake anayo sufuria imejaa, na kupakua hakumchukui hata nusu ya muda wa mwenzake anayesubiri mafuta yachemke.

Nyakanazi inafaa kutazamwa usiku pia. Kwa miaka mingi mabasi ya abiria yalikatazwa kutembea usiku kucha, na safari ya Dar es Salaam kwenda Ngara au Bukoba ilimaanisha kulala njiani, mara nyingi ndani ya basi lenyewe. Tangu Oktoba 2023, LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, ilipoanza kuruhusu mabasi kusafiri saa 24, abiria wanapita huku katika saa ambazo zamani zilikuwa za malori peke yake. Chai ya rangi yenye tangawizi na chapati ya moto saa tisa usiku, baada ya baridi ya dirishani, ni kitu ambacho kizazi cha wazazi wetu hakikupata njia hii.

Na kizazi hicho kilikuwa na sababu nyingine ya kutokula kwa amani. Misitu ya Biharamulo ilikuwa na majambazi wenye bunduki, na mabasi yalisindikizwa na askari wenye silaha. Magari yalikusanywa, yakasubiriana, yakaondoka kwa msafara. Mtu mzima yeyote wa Kagera anayo hadithi ya safari hizo. Ulikuwa ulaji wa wasiwasi: ndizi mbivu, karanga na yai la kuchemsha vilivyonunuliwa dirishani, jicho likiwa kwa askari. Leo sehemu ya misitu hiyo ni Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyoanzishwa mwaka 2019 kwa kuunganisha mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, na anayesimama kula katika vijiji vya kando yake anasimama kwa sababu ana njaa, basi.

Kutoka Nyakanazi unafika Lusahunga, ambako njia inagawanyika tena. Ukishika ya kaskazini unakwenda Biharamulo mjini na mbele yake Muleba na Bukoba. Ukishika ya magharibi unakwenda Nyakahura, kisha Ngara na mpaka wa Rusumo, kilomita kama 92 ambazo malori yamezichakaza kwa miongo mingi.

Biharamulo mjini sitakaa sana. Ni mji mtulivu wenye boma la Wajerumani lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 20, kuta nene za ngome, ambalo pia limetumika kulaza wageni. Migahawa yake inahudumia watumishi wa halmashauri na watu wa sokoni, kwa hiyo mchana ndio wakati wake: wali maharage, samaki, ugali wa muhogo na kisamvu. Jioni kuna grosari zenye viti vya plastiki na swali ambalo kila mhudumu wa Kanda ya Ziwa huanza nalo, "Ya moto au ya baridi?" Wazee wengi bado wanataka ya moto. Ukikutana na mabasi yanayotoka Bukoba katika msimu wa senene, nunua senene. Waliokaangwa vizuri wanakatika mdomoni na hawachuruziki mafuta.

Kuna jambo moja la Biharamulo ambalo siwezi kulipita. Januari 20, 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba virusi vya Marburg vimethibitishwa wilayani humo. Mlipuko huo ulitangazwa kumalizika Machi 13 mwaka huohuo, baada ya kuhesabiwa vifo kumi, viwili vya waliothibitishwa kwa vipimo na vinane vya waliodhaniwa kuwa na ugonjwa huo. Kwa hiyo, unapochagua mgahawa njia hii, anza kutazama ndoo ya maji yenye koki na sabuni yake kabla ya kutazama nyama. Mwenye kibanda anayekuelekeza ndooni kabla hajakuuliza unakula nini anastahili fedha yako. Asiye na maji ya kunawa mruke, hata kama supu yake inanukia mpaka barabarani.

Supu yenyewe ni habari ya Nyakahura na vijiji vinavyofuata, kwa madereva walioamka kwenye magari yao. Supu ya mbuzi au ya ng'ombe, utumbo kwa anayependa, chapati mbili au ndizi mbili za kuchemsha ndani ya bakuli. Wahi kabla ya saa tatu. Baada ya hapo sufuria imeongezwa maji, na hakuna pilipili itakayokuficha hilo.

Benaco ni kituo kinachohitaji nafasi yake. Jina lilitokana na kampuni ya Kitaliano iliyojenga barabara, lakini dunia ililijua kwa jambo jingine. Aprili 28 na 29, 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakitoka Rwanda, takribani wote ndani ya saa 24. Walifikia Benaco, na kwa muda mfupi vilima hivi vilikuwa na watu wengi kuliko miji mikubwa ya mkoa. Yalikuja malori ya chakula, mahema, mashirika ya misaada kutoka kila bara, na pamoja nayo madereva, makarani, wauguzi na waandishi wa habari ambao wote walitaka kula jioni. Wenyeji wa Ngara walioweza kupata jiko na meza walifungua migahawa. Ndani ya kambi zenyewe palizuka masoko, mabucha na vilabu vya pombe. Haikuwa neema kwa kila mtu. Misitu ilikatwa kwa ajili ya kuni, mashamba yaliibiwa, bei za vyakula zilipanda na kushuka ghafla. Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda walirudishwa kwao, wakitembea kwa miguu kwenye barabara ileile, na vibanda vingi vikabaki bila mteja.

Kilichookoa Benaco ni malori. Mizigo ya Rwanda inayoshuka bandari ya Dar es Salaam inapita hapa, na dereva anayekaribia mpaka jioni huona heri alale upande huu, ale, kisha avuke asubuhi. Ndiyo maana mahali hapa pana nyama choma. Mbuzi anachomwa kwa mkaa kuanzia alasiri, na utaratibu ni uleule wa kila baa ya Tanzania: unasimama buchani, unaonyesha kidole, wanapima mbele yako, unarudi kwenye kiti chako kusubiri. Chagua mbavu au paja la mbele. Omba ndizi za kuchoma, zile mbichi zilizomenywa na kulazwa kwenye majivu ya moto pembeni, maana zinakula chumvi na mafuta ya nyama kuliko ugali. Upo ushawishi wa ng'ambo pia: mishikaki mirefu yenye vipande vinene vya mbuzi na kitunguu, kama inavyopendwa Kigali na Bujumbura. Kitimoto ipo kwa wanaoitaka, kwa kawaida nyuma na peke yake, na watu wa dini zote wanaheshimiana katika hilo bila kuandikiana mabango.

Unachokisikia pale mezani ni cha thamani kama unachokila. Kihangaza, lugha ya wenyeji wengi wa Ngara, kinasikilizana na Kirundi na Kinyarwanda, na Kishubi hakiko mbali. Dereva wa Kirundi anaagiza kwa lugha ya kwao, mhudumu anamjibu kwa Kihangaza, bili inasomwa kwa Kiswahili. Nilishuhudia wazee wawili wakibishana kuhusu bei ya ng'ombe pande mbili za mto mpaka nyama yao ikapoa, na mhudumu, binti mdogo, akawaambia kwa adabu, "Wazee wangu, mbuzi huyu alishakufa mara moja, msimuue tena kwa baridi." Wakacheka, wakala.

Ukiendelea mbele unafika Rusumo. Daraja jipya na kituo cha forodha cha pamoja vilizinduliwa Aprili 6, 2016 na Marais John Magufuli na Paul Kagame. Chini yake maporomoko ya mto Kagera yanaunguruma, na karibu hapo kuna mtambo wa umeme wa megawati 80 wanaogawana Tanzania, Rwanda na Burundi. Kwa mlaji, jambo kubwa la Rusumo ni saa. Ng'ambo wako nyuma yetu kwa saa moja. Ikiwa huku ni saa saba mchana na wali umekaribia kwisha, kule ndiyo kwanza saa sita na sufuria zinafunuliwa. Wafanyabiashara wa mpakani wanaujua mchezo huo. Mgeni anayeunganisha basi ng'ambo aujue pia, maana nimeona watu wakiacha sahani nzima wakidhani wamechelewa.

Ngara mjini iko juu ya vilima, na baridi yake inamshangaza anayetoka Kahama. Hapa chakula ni mchemsho: kuku wa kienyeji au nyama, viazi, karoti, kabichi, ndizi nzima, mchuzi mwepesi wenye limao. Kuku wa kienyeji hakubali haraka. Agiza kabla hujaenda kuoga nyumba ya wageni, na urudi saa moja unusu baadaye. Anayekuletea "kienyeji" baada ya robo saa amekuletea wa kisasa. Baada ya mchemsho, toka nje utazame mabonde ya upande wa Burundi mpaka giza liingie.

Njia ya kwenda Burundi inapita Kabanga, inayopakana na Kobero. Jina la Kabanga linatajwa sana siku hizi kwa sababu ya nikeli iliyoko ardhini wilayani, na vibanda vya chakula vinaongezeka pamoja na matumaini ya mgodi. Maharage ni mazuri, kisamvu kinatwangwa laini na kupikwa na mawese mpaka kisisikike uchungu. Tangu Januari 2024, Burundi ilipofunga mipaka yake na Rwanda, wapo wasafiri wa nchi hizo mbili wanaozunguka kupitia Ngara, na mgeni mwenye begi anayeuliza njia kwa Kirundi amekuwa mteja kama dereva wa semi.

Ukitaka kuonja Ngara yenyewe, achana na lami. Shika barabara ya vumbi uingie katika kata za ndani kama Kirushya, kwenye mashamba ya migomba, uliza kilabu cha pombe ya ndizi. Wengine wataiita rubisi, wengine urwagwa. Kilabu chenyewe kinaweza kuwa chumba cha udongo chenye viti vya gogo pande zote, au kivuli tu cha mti. Salimia kila mtu, wazee kwanza, na shikamoo yako isikike. Mgeni anayeingia kimya anawatia watu mashaka.

Pombe hii haitoki kiwandani, na ndiyo maana ladha yake hubadilika kutoka boma hadi boma. Ndizi za pombe, ambazo si zile za kupika, huivishwa kwenye shimo lililotandikwa majani ya mgomba na kupashwa moto, zikafunikwa siku kadhaa. Zikishaiva humenywa na kukandwa kwa nyasi kavu ndani ya mtumbwi wa mti mpaka juisi itoke. Juisi hiyo, kabla ya kuchacha, ni kinywaji kitamu mno, na asiyekunywa pombe aiulizie mapema asubuhi. Kwa wanywaji, huchanganywa na mtama uliokaangwa na kusagwa, ikafunikwa, ikaachwa ichachuke siku moja au mbili. Inanukia ndizi mbivu na moshi, uchachu kwa mbali, na mtama unabaki ulimini. Mwenyeji huonja kwanza mbele yako kabla ya kukukabidhi, ili uone kwamba ni salama. Zamani wengi walishirikiana kibuyu na mirija. Chukua kikombe chako mwenyewe, hakuna atakayekulaumu.

Usichanganye kinywaji hiki na gongo. Gongo imekatazwa na sheria, na inaua. Ukishawishiwa kichupa kisicho na lebo, sema hapana na uendelee na rubisi yako. Nalisema kwa uzito kwa sababu wageni hupewa gongo kama heshima, na kukataa kwa upole kunakubalika kabisa: "Asante mzee, mimi ni wa hii tu."

Vilabu hivi vina adui mwingine kuliko bia za chupa. Katikati ya miaka ya 2000 mnyauko bakteria wa migomba uliingia Kagera, na aina za ndizi za pombe ndizo zilizoathirika zaidi, kwa kuwa wadudu hubeba vimelea kutoka ua dume la mgomba mmoja hadi mwingine. Tunda linaiva kabla ya wakati na kuoza ndani, mkungu mzima unapotea, kisha shina. Kinga inajulikana: kung'oa na kuzika migomba iliyougua, kusafisha panga kwa moto au dawa kabla ya kukata mwingine, na kuliondoa ua dume mara baada ya chane ya mwisho kutoka. Ua halikatwi kwa panga. Mama mwenye kilabu nilichokaa alinionyesha kijiti chake chenye ncha ya panda, akakinyanyua hadi kwenye mkungu, akakizungusha mara moja, ua likavunjika na kuanguka miguuni pake. Akaenda kwenye mgomba wa pili, na wateja wake wakaendelea kumsubiri.